Breki za Basi la Kanisa

Gereji, chumba cha spea
Jumapili jioni, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi, na presha ya mkeo imeshuka? Huku tu wazima wa mwili. Mama yenu anakula vizuri na kulalamika vizuri. Jana kasema chumvi ninaipima kama dawa, nikajua afya yake iko sawa. Watoto wanakua, kila nikigeuka viatu vimewabana.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu una tabia yako, shemeji. Nikianza tu kupandisha sauti unasema "tuombe," na ukishasema amina huna tena habari na nilichotaka kukueleza. Karatasi haikatwi kauli. Binamu yangu muuguzi anasafiri kesho alfajiri, atakukabidhi mkononi Jumanne Mungu akipenda. Soma mpaka mwisho ndipo uombe.

Habari ya basi la kanisa uliipata kwa mwenyekiti wa kamati ya usafiri. Najua, maana alijisifu kwamba amekupigia. Mimi hukuniuliza, kwa hiyo leo utaipata kwangu.

Mwezi wa nane walituletea basi kabla ya vijana kwenda kwenye mkutano wao kule chini ya mteremko. Mume wangu, mdogo wako, alivua magurudumu akakuta pedi za breki zimebaki nyembamba kama kucha. Unamjua, na wewe ndiye uliyemfundisha. Mlipofungua gereji hii na kuziombea hata spana, ulimwambia gari la mteja ni amana ya Mungu na fundi ni wakili tu, na kwamba kifaa kibovu kikitoka, mwenye gari akabidhiwe akione kwa macho yake. Basi akamkabidhi mwenyekiti pedi zake mkononi. Akasema kazi atafanya bure, hiyo ni huduma yake kwa kanisa, wao wanunue pedi mpya tu. Zile za zamani akakataa katakata kuzirudisha kwenye basi.

Mwenyekiti akatuhubiria palepale, amesimama kwenye oili iliyomwagika. Fedha ya kanisa ni sadaka za wajane, na uwakili mwema ni kuitunza. Alipomaliza akazitia pedi kwenye mfuko wa plastiki, na basi likavutwa kwa kamba mpaka ng'ambo ya barabara kwa Fundi Chapchap. Fundi Chapchap alizirudisha zilezile, akanawa mikono, akanywa soda yake.

Vijana wakaenda, wakarudi. Walirudi salama salimini, shemeji, wanaimba, na dereva alipofika mbele ya gereji yetu alipunguza mwendo akapiga honi ndefu ili tusikie vizuri. Mdogo wako alikuwa uvunguni mwa gari la mtu. Alitoka na grisi usoni, akainua mikono, akasema "Asante Mungu," na machozi yakamtoka, ya furaha ya kweli. Mimi sikufurahi. Nakuandikia kama lilivyo: nilikasirika kwamba hata pancha hawakupata.

Tangu siku ile tukawa watu wa kunyooshewa kidole. Jina la Fundi Ngoja, ambalo wateja walimpa kwa utani kwa sababu haachii gari mpaka aridhike nalo, likageuka tusi. Wakasema alitaka kulitia kanisa hofu ili auze spea. Gari la mchungaji likahamia ng'ambo. Yule mzee wa kanisa aliyezoea kunywa chai yangu kila asubuhi akawa anapita huku anatazama nyaya za umeme. Fundi wetu wa umeme wa magari alituaga naye, kwa adabu kabisa, maana ana watoto na hapakuwa na kazi ya kumpa.

Ndipo ukampigia mdogo wako. Aliweka simu kwenye spika, kwa hiyo nilisikia neno kwa neno. "Kubali yaishe, mdogo wangu. Biashara ya Kikristo haigombani na kanisa." Baba yenu alipofariki neno lako likawa ndilo la baba kwake, na alikutii. Alivaa suti ya harusi yetu, ambayo sasa haifungi tumboni, akasimama mbele ya kanisa zima akasema alikosea, breki za basi hazikuwa na shida, alikuza mambo. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamkumbatia mpaka miwani ikapinda. Nilitazama sakafu kwa aibu, na hasira niliyokuwa nayo kwake ilikuwa ndogo kuliko niliyokuwa nayo kwako.

Na kweli yakaisha. Wateja wamerudi. Gari la mchungaji limeegeshwa hapa nje ninapoandika, na mzee wa kanisa ameikumbuka chai yangu. Ungepita leo ungesema ushauri wako umezaa matunda.

Alhamisi wakatuletea basi lenyewe. Lilipoingia langoni lilikuwa linalia, chuma kinakwangua chuma, hata mimi muuza spea nililisikia nikiwa huku ndani. Mdogo wako aliinama akawa anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Mwenyekiti akatoa kichwa dirishani. "Badilisha oili, lioshwe, basi. Mengine hatujakuuliza." Akabadilisha oili, akaliosha mwenyewe mpaka vioo vikang'aa. Magurudumu hakuyagusa.

Nikamfuata nikamuuliza mbona hafungui. Akanijibu bila kunitazama: "Nikifungua nitaona. Nikiona itabidi niseme. Na kaka amesema yaishe." Kisha akawapa ufunguo wao.

Shemeji, mimi nimeolewa na mtu ambaye aliwahi kumfukuza mteja mwenye pesa zake kwa sababu ya nati moja. Huyu aliyetoa ufunguo Alhamisi simfahamu. Asubuhi haombi tena langoni kabla ya kufungua. Anasema ana haraka.

Jumamosi hii inayokuja basi hilo linaipeleka kwaya ya watoto kulekule chini ya mteremko. Binti yetu mdogo anaimba sauti ya kwanza. Jana baba yake kamwambia hataenda kwa sababu ana kikohozi. Mtoto akaja jikoni kuniuliza kama ni kweli ana kikohozi. Nikampa vyombo aoshe. Hapo ndipo nilipojua kwamba mdogo wako hakuhitaji kufungua magurudumu ili aone.

Usidhani nimekaa kimya. Leo baada ya ibada nilimwambia mwenyekiti ana kwa ana. "Mama, tusirudi huko," akasema. "Mumeo mwenyewe alikiri mbele ya kanisa." Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya, naye akaniambia hilohilo, kwa upole zaidi. Nikawaendea akina mama wenye watoto kwenye kwaya. Mmoja alinishika bega akasema ataniombea roho ya uchungu initoke. Sasa unaona ulichofanya. Neno ambalo lingewazuia watoto wale wasipande basi lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la mdogo wako. Ukamwambia alifute.

Nina uchungu na wewe, sitakuficha. Ulipokuwa na grisi chini ya kucha ulituambia kumtumikia Mungu kwenye gereji ni kusema breki mbovu ni mbovu, hata kama mwenye gari ni askofu. Umehama, mikono imetakata, sasa unapenda mambo yaende kimyakimya.

Mpigie. Usianze kwa maombi, anza kwa simu. Mimi nimemwambia kila kitu na jibu lake ni kwamba wewe ndiye mkubwa. Alikutii ulipomwambia apige magoti. Mwambie asimame, mbele ya watu walewale, kabla ya Jumamosi. Wateja wakiondoka tena, waondoke. Nitafua nguo za watu, nimeshawahi kufua.

Msalimie mkeo, watoto huku bado wanamuulizia Mama Mkubwa wao. Wasalimie na mapacha. Mama anakusalimu sana. Yuko uani anapinda sare za kwaya, kashona za watoto wote, na anaimba nyimbo zao kwa sauti ya chini. Anasema ule vizuri.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe moyo wa kupiga simu hiyo.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye bado,
Mke wa Fundi Ngoja