Kikao cha Dharura Kuhusu Vifaa Vilivyofungiwa na Zabuni ya Madawati

CHAMA CHA MAFUNDI SAMANI WA KARAKANA YA PAMOJA

Tarehe: Jumanne, 14 Mei
Mahali: Karakana, kwenye meza ndefu ya kuunganishia
Muda wa kuanza: Saa 8:20 mchana (uliopangwa: saa 8:00)

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (fundi vitanda)
2. Katibu (fundi makabati), mwandishi
3. Fundi Rangi, shemeji yake Mwenyekiti
4. Mama Randa, mwenye mashine ya kuranda mbao

Asiyehudhuria: Fundi Milango. Alituma ujumbe kwamba amekwenda kutafuta kibarua kwingine.

KUMB. NA. 1/05: KUFUNGUA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika kwa wakati. Katibu anaandika tu kilichosemwa.

KUMB. NA. 2/05: HALI YA KAZI

Mama Randa aliarifu kwamba mashine yake haijawashwa kwa siku kumi na tisa. Amepata mnunuzi, naye atakuja kesho saa tatu asubuhi na gari la kuibebea. Aliomba kikao kisichukue muda mrefu, kwani bado hajaisafisha.

Mwenyekiti alisema hali ni ngumu kwa kila mtu tangu fedha yetu iporomoke, na kwamba kosa ni la serikali isiyojua inakokwenda: huku imepandisha riba hadi mkopo wa benki umefika asilimia 26, huku inagawa zabuni. Alisema mkono mmoja unabana, mwingine unamwaga.

Katibu alieleza kwamba mikono yote miwili ina kazi. Riba imepandishwa ili watu waache kukimbilia fedha za kigeni, na fedha yetu ipate pa kushika. Lakini riba peke yake inaua karakana. Kwa hiyo serikali imeondoa ushuru wa gundi, vanishi na skrubu kwa siku tisini, na inanunua madawati ya shule kwa vikundi vya ndani ili mafundi wasikae bure. Anayezima moto jikoni humwaga maji, na gesi pia huifunga.

Fundi Rangi aliuliza Katibu amesomea wapi hayo. Katibu alijibu kwamba ameyasoma kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni kwa wiki mbili, ambalo Fundi Rangi hulitumia kupangusia brashi.

KUMB. NA. 3/05: ZABUNI YA MADAWATI 120

Masharti: fomu zirudishwe Ijumaa, kikundi kiwe na mashine ya kuranda, malipo ya awali, asilimia 30, ni ya mbao tu. Vifaa vingine vyote vionekane mkononi siku ya ukaguzi, yaani Alhamisi, kabla ya fomu kupokelewa.

Mahitaji kwa hesabu ya Katibu: gundi kilo 24, vanishi lita 30, skrubu 1,920.

Mwenyekiti alisema basi zabuni imetupita, kwa kuwa vifaa hakuna na mkopo haukopeki.

Katibu alisema vifaa vipo. Jumatatu alizunguka karakana na daftari, akachungulia kwenye nyufa za masanduku ya watu. Alikuta makopo 31 ya gundi ya kilo moja moja, 19 yakiwa ya Mwenyekiti. Vanishi lita 34, 28 zikiwa za Fundi Rangi. Na skrubu boksi nne za 200. Kila mtu alinunua na kuficha bei zilipoanza kupanda. Mwenye gundi alikaa bure kwa kukosa vanishi, na mwenye vanishi kwa kukosa gundi, wakiwa wanatazamana.

Mwenyekiti alisema kuchungulia sanduku la mtu mzima ni utovu wa adabu. Aliongeza kuwa akiba haiozi.

Katibu alijibu kwamba gundi inaganda. Pia, bidhaa zisizo na ushuru zikifika madukani, bei itashuka kwa karibu robo, na kopo linalosubiri bei nzuri litapitwa na bei likiwa limelala. Aliwakumbusha wajumbe kwamba mwezi wa pili alipendekeza vifaa viwekwe pamoja, akaambiwa kwamba hesabu za mtu aliyeanzia kwenye mbao za kuokota haziwezi kumfundisha mtu. Maneno hayo yapo KUMB. NA. 3/02, ukurasa haujachanwa.

Fundi Rangi alimwambia shemeji yake kwamba kuficha makopo 19 bila kumwambia hata mkewe, ambaye ni dada yake Fundi Rangi, ni kipaji. Mwenyekiti alimuuliza kuhusu lita 28. Mjadala huu ulichukua dakika kumi na mbili.

Baada ya kutulia, Katibu alitaja upungufu uliobaki: skrubu 1,120.

Mama Randa aliuliza kama chini ya benchi la Katibu napo palichunguliwa. Katibu alieleza kwamba orodha ilikuwa haijakamilika. Boksi saba, sawa na skrubu 1,400, ziliongezwa. Zilinunuliwa kwa kabati ambalo mteja aliliahirisha. Jumla ni 2,200, zinatosha.

Mama Randa alisema, na aliomba iandikwe kama ilivyo: "Serikali mnayoitukana imefungua ghala lake. Ninyi masanduku yenu mmeyatia kufuli, halafu wa kuondoka ni mimi."



KUMB. NA. 4/05: MAAZIMIO

Vifaa vyote viletwe mezani leo. Kila mwenye kifaa alipwe bei aliyonunulia, kwa risiti, madawati yakilipwa. Mwenyekiti alitaka bei ya leo. Alishindwa kwa kura tatu kwa moja. Fundi Milango aitwe arudi.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufungua kufuli. Yalitoka makopo 22, si 19. Katibu amesahihisha.

Mama Randa alihesabu mwenyewe, kopo kwa kopo, kisha akampigia simu mnunuzi mbele ya kikao: "Kaka, gari lisije. Mashine imepata kazi."

KUMB. NA. 5/05: KUFUNGA

Saa 11:35 jioni Mwenyekiti alisimama kutoa neno la kufunga. Katibu hakuweza kuliandika, kwa sababu mashine ya kuranda ilikuwa imeshawashwa.

Sahihi: ................ Mwenyekiti (doa ni gundi)

Sahihi: ................ Katibu