Chumba cha Kupapasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kwa Mama Mdogo. Alinikaribisha, tukaketi, akanimiminia chai — mezani, kando ya kikombe. Huku anazungumza. Habari za kuku, habari za jirani. Chai ikatiririka mpaka gotini kwangu, ya moto. Nikafuta kwa leso, nikainua kikombe kitupu, nikanywa hewa. Nikamwambia imekolea.

Kumbe haoni. Mke wa baba yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita, na mimi sikujua. Kila Ijumaa napiga simu, namuuliza mzima? Ananijibu mzima. Simu haina macho.

Mganga wa zahanati ya kule alishamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, aje hospitali kubwa ya huku. Akanyamaza nalo. Leo nimembembeleza mpaka nikakauka koo. Amekubali kwa masharti: wiki mbili tu, na asije akapewa kitanda cha mtu.

Chumba cha ziada hatuna. Tuna stoo.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu hakufikiria hata dakika. Amesema stoo itatoka, sponji zangu zikalale karakana. Hana maneno mengi. Ndiyo maana nilimuoa — au ndiyo maana amenivumilia.

Binti yetu tunamwita Waziri, kwa kuwa hapa ndani hakuna jambo linalopita bila yeye kulitia sahihi. Miaka kumi na sita. Amenionyesha picha kwenye simu: chumba cha wageni cha mtindo wa bohemia, cha kupumzisha akili. Mito mingi, hakuna unaofanana na mwenzake. Mazulia mawili, moja juu ya jingine. Mimea. Kamba zilizofumwa mafundo mafundo zinaning'inia ukutani.

Nikasema, basi ni vurugu iliyopangwa. Amesema ndiyo, baba, na vipande vya vitambaa vilivyojaa kwako karakana ni vurugu isiyopangwa.

Miaka ishirini na miwili nashona makochi ya watu. Nyumbani kwangu kochi limechanika mkono. Haya.

Alhamisi, 6 Machi

Stoo imekuwa tupu. Ina dirisha! Nilisahau. Lilikuwa nyuma ya magodoro. Tumepaka rangi ya udongo mbichi, tukarudia mara ya pili. Mgongo umekufa.

Kwenye sanduku la chini kabisa nimekuta koti la baba. La sufu, kijivu. Nondo wamelila kwapani. Nimelikunja, nikalirudisha. Nimelitoa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana, mimi na Waziri. Yeye anataka rangi: manjano iliyoiva, kijani, zambarau. Nikamuuliza, rangi za nani? Bibi yako haoni. Akanijibu kwamba ataona, ndiyo anakuja kutibiwa. Nikasema na asipoona? Akazima simu. Nikajuta.

Mchana nimefanya kitu cha kipuuzi. Nimejifunga kitambaa machoni, nikaingia mle chumbani. Nikagonga goti kitandani, nikavunja chungu cha mmea, nikatafuta mlango nikakuta kabati. Mke wangu alikuwa amesimama pale muda wote, anacheka bila sauti. Nilimjua kwa harufu ya sabuni.

Nilipofungua kitambaa, tumekaa chini watatu. Tumekubaliana: rangi za Waziri zibaki zote, lakini kila kitu kiwe na jambo la kuviambia vidole. Mto wa mahameli, mto wa turubai, mto wa uzi uliofumwa. Mimea ipande juu kwenye rafu. Mazulia mawili hapana, atajikwaa. Moja, na tumelipigilia kingo.

Na zile kamba za mafundo? Waziri amepata akili ambayo mimi nisingeipata hata kwa mwaka. Amefuma moja ndefu, tumeipitisha ukutani usawa wa kiuno, kutoka kitandani mpaka mlango wa choo. Fundo moja ni mlango wa chumba. Mawili, kona. Matatu, umefika.

Nimemshukuru. Kwa aibu kidogo, kama wanavyoshukuru wanaume, lakini nimemshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Niandike hili, sijawahi kuliandika.

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Mama mzazi alikuwa ametangulia. Baada ya mazishi kaka zake Mama Mdogo wakaja kumchukua. Alikuwa bado kijana, hakuzaa. Nilikuwa jikoni na sahani yangu, mlango umerudishwa nusu. Nikasikia kaka mkubwa anamwambia afunge mizigo, hapa hana mtoto wa kumzuia.

Akasema, "Ninaye. Yuko jikoni anakula."

Basi. Hakuongeza. Wakaondoka bila yeye.

Niliendelea kula. Ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Nililia miaka mingi baadaye, nikiwa katikati ya kupigilia kiti cha mteja.

Leo nimekata lile koti la baba. Limetoa mto mmoja, tena mdogo.

Jumatano, 12 Machi

Amefika. Hapa mlangoni kwetu anaonekana mfupi kuliko kule kwake. Mkoba mmoja, na kuku amefungwa miguu, wa Waziri. Waziri hajawahi kushika kuku.

Nilimwingiza chumbani. Nikaanza kueleza, huku dirisha, huku meza. Akanikatiza kwa mkono. Akaenda mwenyewe, polepole, anapapasa. Ukuta. Kamba — akahesabu mafundo, akatabasamu, akauliza ni kazi ya nani. Waziri akasema yake. Akamwita, akamshika vidole kimoja kimoja, kama anayevisoma.

Kisha kitandani, mito. Alikuwa anataja: huu wa kochi, huu pazia, huu sijui mmeutoa wapi unawasha. Tukacheka. Akafika kwenye ule mdogo.

Akaugeuza. Akaupeleka puani, ingawa niliufua. Akauweka mapajani akaufunika kwa mikono yote miwili.

Mke wangu alinivuta shati, tukatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo alivyoniamkia asubuhi. Anataka kazi. Nikamwambia apumzike, chumba kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Akasema amepumzika jana yote mpaka kiuno kinamlaumu.

Nimemletea gunia la mabaki ya vitambaa kutoka karakana. Anayachana vipande vyembamba, anayasuka. Waziri anampa rangi, yeye anasuka bila kuziona. Wanabishana! Waziri anasema nyekundu na samawati haziendi. Bibi anasema ziache, zitazoeana.

Nimerudi kazini nimechelewa, nimefika naimba. Wenzangu wameniuliza kama nimeongezwa mtoto.

Jumatatu, 17 Machi

Upasuaji. Jicho la kushoto.

Dakika arobaini na tano. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza maishani sikukagua kiti kimeshonwaje.

Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, hakuzunguka. Kushoto ana matumaini. Kulia kumechelewa mno, atajaribu baada ya wiki sita, lakini haahidi.

Wiki sita. Mama Mdogo aliahidi mbili. Sijamwambia.

Ametoka na bandeji, ananiuliza kama nimekula.

Jumanne, 18 Machi

Muuguzi amefungua bandeji saa tatu asubuhi. Mama Mdogo alipepesa jicho. Machozi yakamtoka, muuguzi akasema ni kawaida. Akatazama kwanza mikono yake, mbele na nyuma. Kisha mimi. Muda mrefu. Niliona haya kama mchumba.

"Hizi mvi umezitoa wapi?" akasema.

Njia nzima alikuwa anasoma mabango. Duka la dawa. Fundi viatu. Usiegeshe hapa. Kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nikaitikia kila bango. Nimeshukuru kwa kila moja. Hata hilo la usiegeshe.

Tumefika. Nikamfungulia chumba, nikasubiri aseme neno kuhusu rangi. Waziri alikuwa nyuma yangu, hapumui.

Lakini tulipokuwa hospitali Waziri na mama yake walifanya jambo lao. Wametundika kioo. Cha mviringo, fremu ya mianzi, mkabala na kitanda. Ningekuwepo ningekataa.

Mama Mdogo aliipita mito. Akalipita zulia. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akasimama. Ni miaka minne hajajiona, kwa alivyomwambia daktari. Akagusa shavu. Akagusa kioo.

"Huyu ni mama yangu," akasema taratibu. "Nimekuwa mama yangu."

Sikujua niingie au nirudi. Mke wangu alikuwa ameshamwondoa Waziri, nimebaki peke yangu mlangoni. Nikaona ndiyo nafasi, nimwambie habari ya wiki sita. Nikafungua mdomo.

Akaniwahi. Hakugeuka, aliniona kwenye kioo.

"Njoo usimame hapa. Nataka kuona tumefanana wapi."

Hatuchangii hata tone moja la damu. Anajua. Mimi najua.

Nimemwambia ngoja ninawe mikono. Mikono ni misafi. Niko jikoni, naandika haya nimesimama, daftari juu ya jiko lililopoa, maandishi yamepinda.

Anaita tena.