Makohozi, Si Mate

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya kinyozi.
Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe, na mkeo, na lile goti lako bishi? Sisi wazima, na safari hii neno hilo nimeliandika bila kudanganya. Shemeji yako amepona! Jana hospitali ya serikali ilimpa cheti: kifua kikuu kimekwisha.

Usininunie kwa kukuficha. Ungefanya nini huko zaidi ya kukosa usingizi?

Alikohoa wiki sita. Hospitali tuliiogopa. Miaka thelathini na mmoja tangu tuhamie nchi hii, na bado nikiona karani dirishani nahisi nitaulizwa karatasi za ukaazi. Basi akawa anakwenda kwa muuza dawa wa mtaani. Tunamwita Bwana Chupa, maana kila kikohozi kwake kilikuwa chupa ya dawa ya maji. Mara ya tatu Bwana Chupa akagoma.

“Mama, leo sikuuzii.”

“Kwani pesa yangu ina kutu?”

“Kifua chako ndicho chenye kutu.”

Kumbe maduka ya dawa na hospitali sasa wanashirikiana! Akampa kikopo chenye kifuniko, alete makohozi, yeye ayafikishe maabara. Unamjua shemeji yako kwa unadhifu. Alipiga mswaki, akasukutua, akatema mate masafi, akayakabidhi kwa mikono miwili. Maabara wakayakataa. Bwana Chupa alicheka hadi akaegemea kabati: “Mama, umewapelekea adabu. Wenzako wanataka uchafu!”

Kesho yake akakohoa kutoka chini kabisa, na ugonjwa ukaonekana. Mimi nilipimwa, sina.

Dawa zilitoka hospitalini, bure, akazimeza pale pale dukani kila asubuhi kwa miezi sita, Bwana Chupa akimkodolea macho. Na karatasi? Muuguzi aliuliza jina na mtaa tu. Nikautaja mtaa huu kama wangu, kwa mara ya kwanza bila kusita.

Sasa wewe. Katika sauti uliyonirekodia mwezi uliopita ulikohoa mara nne, ukasingizia vumbi. Juzi mara saba, nimehesabu. Vumbi gani hilo linalomfuata mtu hadi chumbani? Jumatatu nenda ukapimwe, nakuomba. Nimebaki na ndugu mmoja tu. Na ukipewa kikopo, mdogo wangu, usiwe na adabu.

Msalimie shangazi, na wanao wote. Mungu akifungue kifua chako.

Wako akupendaye, anayekusikia toka mbali,
Kaka yako