Ragnhild, Jina Lako Limepigiliwa Msumari

Mwaka umetimia tangu ututoke, Ragnhild, ukiwa kitandani hospitalini na penseli mkononi. Mimi dada yako Gunvor ndimi niliyepewa kuandika kumbukumbu hii, kwa sababu mumeo Hjalmar ana adabu kupita kiasi, na safari hii adabu tumeiweka kando.

Tunayakumbuka maandazi yako ya mdalasini, magumu ajabu, uliyopeleka chuoni kila Ijumaa kwa kahawa ya saa tatu. Hakuna aliyethubutu kuyakataa. Na zile soksi zako zisizofanana, jamani!

Watafiti wenzako walikusema sana. "Mara metali, mara kompyuta, mara mifupa ya watoto. Huyu mama hatulii!" Ukawajibu huku unatafuna: "Mtoto aliyevunjika mguu haniulizi natoka idara gani." Ukatengeneza vyuma vya kushikia mfupa vinavyoyeyuka vyenyewe mwilini, ili mtoto asipasuliwe tena kuvitoa. Ukaandika programu ya kukadiria vitayeyuka lini. Kisha ukaenda wodini kukaa na watoto wenyewe. Tafiti mia tatu na kumi na mbili, na funguo za nyumba ulisahau kila wiki.

Makala yako ya mwisho ndiyo iliyotuchoma. Uliimaliza siku mbili kabla hujaondoka, ukaandika pembeni kwa penseli "Sawa. R." kama ulivyofanya kwenye kila rasimu maisha yako yote. Tulipokwisha kukuzika, mkuu wa idara akatuandikia kwamba jina lako litaondolewa: kila mwandishi lazima atie saini fomu, nawe huwezi tena. Hjalmar alisoma barua, akaikunja, akaenda kupasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mimi nilipiga simu.

"Sheria ni sheria, Gunvor," akasema.

"Na wizi ni wizi! Kibali chake hicho hapo pembeni. Au penseli huwezi kusoma?"

Akakata simu.

Mwanafunzi wako wa udaktari, Ylva, alikuwa ameitia makala hiyo kwenye tasnifu yake. Akaambiwa afute jina lako, la sivyo asubiri kuitetea mwakani. Unamjua Ylva, hata paka hamfukuzi. Basi Jumatatu iliyopita, siku yake ya kupigilia tasnifu kwenye ubao wa chuo ili watu waisome, kama tufanyavyo Waswidi wiki tatu kabla ya utetezi, alikuja kwangu kuazima nyundo yako. Nikavaa koti, tukaenda wote.

Wenzake hutumia kimsumari chembamba. Yeye alipigilia wa inchi nne, akaacha kitabu kikining'inia wazi kwenye ukurasa wenye jina lako. Mkuu akatokea na kikombe chake.

"Ylva, nani amekuruhusu?"

"Mwenye nyundo."

Mkuu akaujaribu msumari kwa kidole. Haukucheza. Akaondoka na kahawa yake.

Siku ya utetezi tutakaa mstari wa mbele: Hjalmar wako, wanao Tove na Sixten, mama yetu Alfhild, ambaye ana miaka tisini na moja na amesema atakuja hata kwa kuburutwa juu ya theluji, na mimi. Na maandazi tutaoka kwa maelekezo yako, magumu vilevile, na mkuu atakula.

Hatujakusahau, mdogo wangu, na hakuna fomu ya kutusahaulisha. Wakiung'oa ule msumari, nyundo ninayo mimi.