Nilikaanga Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na nakusihi usome hadi mwisho kabla hujanitukana. Mimi ni mchanganya zege, niko mbali na kwetu mwaka wa nne sasa, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Ninakaa chumba kimoja na mwashi mtu mzima, tunamwita Babu Timazi kwa sababu hata sahani yake huipima kwa jicho kama imekaa sawa. Nyuma ya chumba mimi nimepanda mchicha, nyanya na vitunguu, yeye anafuga kuku watatu, na jogoo wa jirani huruka ukuta akaja kuwatembelea. Chakula chetu ni hicho: nakaanga kitunguu na nyanya mpaka zilainike, natia mchicha, navunjia mayai juu, nafunika, tunakula na viazi. Babu huniambia, "Mjukuu wangu, ungezaliwa mwanamke ningekuposa," tunacheka, uchovu unapungua.

Kuku mmoja, yule mweusi, ni uzao wa kuku wa marehemu mke wa Babu, mzee mwenyewe alimbeba kutoka kwao ndani ya boksi, na sasa amezeeka. Alipoanza kuatamia, Babu aliyatia mayai yake sita alama ya mkaa, akasema hayo hayaguswi, vifaranga atampelekea binti yake akienda likizo. Siku ya pili Babu akashikwa na homa, akawa hali kitu, na wale kuku wengine walikuwa wananyonyoka manyoya, hawatagi, nikaona mtu ananifia mikononi na mfukoni sina kitu, nikayatoa yote sita nikayakaanga na mchicha. Alikula, akasema, "Leo umepika, mjukuu wangu." Hakuuliza mayai yametoka wapi. Jioni ileile nikaingiwa na hofu, nikanunua sita dukani kwa mkopo, nikayachora mkaa, nikamwekea kuku.

Sasa mpishi wa kantini ananiambia mayai ya dukani hayaanguliwi, kwa sababu kuku walioyataga hawajamwona jogoo. Leo ni siku ya kumi na nne. Babu ameshatengeneza kiboksi cha vifaranga, kila asubuhi anamwinamia yule kuku anamwambia, "Vumilia, mama, zimebaki siku chache." Nikisikia hivyo naiacha chai nawahi kazini. Nimwambie, au ninyamaze, si mayai huwa yanaharibika tu?

Mchanganya zege

JIBU

Mwanangu, pole. Kazi ya zege haimwachii mtu nguvu ya kufikiri, na wewe bado ulikuwa na nguvu ya kumpikia mgonjwa.

Sasa nikuulize: mtu mwenye homa anamaliza mayai sita? Mengine uliyala wewe, na katika barua yote hukutaja. Hapo ndipo dhamiri yako inapouma. Kumlisha sikukemei, huenda hata mimi ningefanya hivyo. Nakukemea kwa ule mkaa. Ulipoyachora ya dukani, ulichukua alama ya mwenzako ukaifanya uongo.

Na unasema unyamaze! Kuku anayeatamia hali vizuri, anakonda, na huyu ni mzee. Kila siku unayonyamaza anaimalizia juu ya mayai yasiyo na kitu. Akiondolewa leo, akala, akapumzika, anaweza kutaga tena baada ya wiki chache. Siwezi kukuahidi. Lakini ukimwacha siku saba zaidi, unampunguzia Babu hata hiyo nafasi ndogo.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini, usiwashe jiko. Usimlainishe mzee wa watu kwa chakula. Simama naye penye kiota umwambie: niliyakaanga, tukala wote wawili, nikachora mengine. Usianze na "nilikuwa nakuokoa." Hilo aliseme yeye, akitaka. Akikufukuza, nenda kamwagilie mchicha.

Kisha pika mboga tupu, bila yai. Pakua sahani mbili, na ya kwake iweke sawa kama anavyopenda. Asipoigusa, ifunike. Kesho upike tena.