Kutawala Scarborough na Etobicoke

Jumapili, 16 Februari

Natangaza rasmi kwamba leo saa kumi jioni nimeng'atuka uenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, matawi yote mawili, la Scarborough mashariki mwa jiji na la Etobicoke magharibi.

Wafalme wa Kijerumani wa zama za kati waliotawala Italia pia, ninaosoma habari zao, waliyajua haya. Mfalme akivuka milima kutuliza Italia, Ujerumani wanaasi. Akirudi, Italia hawamtii tena.

Mimi nilivuka jiji tu. Nikiwa Etobicoke, Mama Zuhura wa Scarborough alinipigia: "Mwenyekiti, ndiyo umehamia kwa wenzako?"

Niliogopa nikiondoka chama kitavunjika, tukose hata wa kutuzika huku ugenini. Wapi! Kila tawi limechagua mwenyekiti wake, na misiba itabaki ya wote. Nimepumua.

Hakuna aliyenisihi nibaki. Nilichaguliwa kwa sababu nina gari.