Kibanio cha Nguo Puani

Mke mwenzangu Zuhura,

Huku Ujiji tu wazima, babu yako kikohozi kimemwachia. Umeniuliza kama ukachongwe ncha ya pua.

Nilipokuwa msichana, pua hii yangu, uliyoirithi, niliibana kwa kibanio cha nguo ili ichongoke. Asubuhi moja ya ukungu naanika dagaa ufukweni Katonga, mama mmoja wa Ilagala akasimama mbele yangu.

"Hebu toa hicho kibanio."

Nilipotoa, akalia. Kumbe ni dada wa marehemu mama yangu, mama ambaye sikuwahi kumwona hata kwa picha.

"Pua yake hiyo," akasema.

Nikainamia maji ya ziwa mpaka jua likapanda, namtazama mama.

Pua ni yako, amua mwenyewe. Ila kabla ya daktari, pita kwanza nyumbani nimuage mama.

Bibi yako